Nyumba ya Mawe Chini ya Longonot

Niliamini, kwa moyo wote na kwa akili zote nilizokuwa nazo siku hizo, kwamba jirani yangu wa ukuta mmoja pale lokesheni ya Nakuru amefanywa mkubwa wa makachero wote wa Bonde la Ufa. Serikali, nilivyosikia, ilikuwa imempa nyumba ya mawe chini ya mlima Longonot, koti la sufi lenye mifuko saba, na mbwa wa kunusa uongo. Mbwa huyo hakuguguna mifupa kama mbwa wa akina sisi. Alikula mayai ya kukaanga, na mtu akidanganya, hata akiwa ng'ambo ya reli, mbwa alipiga chafya. Jirani yangu mwenyewe alisafiri kwa gari moshi akijigeuza umbo: leo mama mzee mwenye kapu, kesho Mhindi wa vitambaa, keshokutwa garidi wa treni mwenye bendera mkononi. Ndiyo maana hatukumwona tena. Ukisema, "Lakini mimi sijamwona," watu walikujibu, "Hiyo ndiyo dalili kwamba amepita."

Mtu mwenye akili angecheka. Mimi sikucheka, mimi niliongeza. Mifuko ya koti ilipofika masikioni mwangu ilikuwa minne.

Jirani huyo alikuwa mpishi katika hoteli moja ya wazungu mjini. Alikuwa Mkikuyu, amezaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Kiingereza chake alikiokota jikoni. Alijua jina la kila kitu kinacholiwa, na matusi yote ya mzungu ambaye supu yake imepoa. Nje ya hapo alikuwa bubu wa Kiingereza kama mimi tu. Lakini kila Jumamosi alasiri, akishavua aproni, bubu huyu alikuwa mfasiri wa piksha katika ukumbi wa lokesheni yetu ya Waafrika.

Vijana wa leo hawaijui kazi hii. Piksha, mnayoiita sinema, ilikuwa ya Kiingereza, sisi watazamaji hatukukijua, basi kando ya shuka nyeupe alisimama mtu juu ya kreti ya soda, ana ufito mrefu mkononi, anatuambia huyu amesema nini na yule amejibu nini. Hali ya Hatari ilikuwa imekwishatangazwa, na jioni watu hawakuruhusiwa kutembea ovyo, kwa hiyo tuliutengeneza usiku wetu mchana. Kila aliyekuja na blanketi zito la kuziba dirisha alikalishwa benchi la mbele. Ukumbi ulinuka mablanketi ya lokesheni nzima, na ukiwa na pua nzuri ungeweza kujua dirisha lipi limezibwa na nani.

Piksha zenyewe zilikuwa za serikali: chimba choo, ogesha ng'ombe, sugua meno. Mfasiri wetu alizifanyia huruma. Ile ya kupe aliigeuza ikawa habari ya kupe maskini wa Subukia aliyekwenda kuposa kwa ng'ombe wa kizungu wa gredi, akakataliwa na wakwe. Wanaume wazima, wachukuzi wa magunia wenye shingo kama nguzo za simu, walitoka mle wakipangusa macho kwa ajili ya kupe. Watu elfu moja waliingia katika ukumbi wa watu mia mbili, na waliobaki nje walisikiliza ukutani.

Mtu mmoja tu hakuja kamwe, naye ni mke wake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, ana mtoto mchanga mgongoni. Nilipokuwa nakula irio nyumbani kwao, maana mimi nilikuwa kapera kutoka Magharibi, kibarua wa kinu cha unga, na jiko langu lilikuwa na kutu ya upweke, nilimwuliza kwa nini haji.

"Shemeji," alinijibu, "uongo wake nausikia bure hapa nyumbani. Nikakae benchi la nini?"

Mume akacheka mpaka akakohoa. "Siku moja utakuja, utajuta zilizopita."

"Siku utakayosema ukweli, niite."

Ikaja Jumamosi ile. Mabati ya piksha, yale makopo bapa yenye filamu ndani, yalikuwa yakiletwa kwa treni, na hapo stesheni kuna mtu alichanganya. Yetu yalikwenda klabu ya wazungu, ya kwao yakaja kwetu. Hatukujua. Fundi wa mashine alipachika la kwanza, taa ikazimwa, na badala ya choo tukaona mji mkubwa wa kizamani wenye ukungu, magari ya farasi, na mzungu mwembamba mwenye nywele za kike akiandika kwa unyoya wa bata mbele ya mshumaa.

Nilikuwa benchi la mbele, nikamwona mfasiri akiitazama ile shuka kama mgeni, kama sisi tu. Kisha akainua ufito.

"Huyu mnayemwona," akaanza, "ni karani wa hadithi. Kazi yake ni kuandika mambo ambayo hayakutokea, na watu wanamlipa."

"Kama wewe!" mtu akapaaza sauti.

"Mimi silipwi. Nyamazeni."

Sasa sikilizeni ile piksha ilivyokwenda. Karani anaandika kwenye gazeti hadithi ya mkopeshaji aliyefungwa ndani ya kengele ya kanisa mpaka mlio ukamuua. Asubuhi, mkopeshaji wa kweli anakutwa ndani ya kengele, masikio yanatoka damu. Karani anaandika habari ya mwoka mikate aliyefukiwa chini ya magunia ya unga. Haipiti siku, mwoka mikate yuko chini ya magunia, ni viatu tu vinavyoonekana. Kuna mtu anayesoma zile hadithi na kuzitenda. Polisi wanamwendea karani, wanapiga mlango kwa fimbo.

Haya tuliyaona kwa macho. Maneno alitupa mfasiri, na maneno hayo alikuwa akiyatoa mfukoni mwake. Mji wa ukungu aliufanya Nakuru, ukungu ukawa moshi wa Menengai. Mkopeshaji akawa mwenye nyumba fulani ambaye sisi wote tulimjua kwa tumbo lake. Na ilipofika zamu ya mwoka mikate, mfasiri, akitafuta mtu ambaye ukumbi ungefurahi kumwona chini ya magunia, alisema, "Huyu si mwoka mikate. Huyu ni nyapara wa shamba la ngano kule Rongai, yule anayepunja vibarua posho. Leo ngano imemlipa."

Mabati ya paa karibu yang'oke. Karibu kila familia ya wakulima mle ndani ilikuwa na nyapara wake, na kila mmoja alijua ni yule wa kwake aliyetajwa.

Kisha kukawa na kesi. Fundi alikuwa akibadilisha bati, na watu gizani wakaanza kumhukumu yule karani.

"Anyongwe! Asingeandika, wasingekufa."

"Aliandika tu. Kwani ameshika gunia?"

"Mdomo ndio uliotuma mkono."

"Mama yako alikuhadithia fisi akala watu. Tumfunge mama yako?"

Mwanamke mmoja mzee, muuza maziwa, akasimama na akasema polepole, "Mwenye kusema si mwenye kutenda. Mwacheni mtoto wa watu." Basi ukumbi mzima ukapiga makofi, na karani akaachiliwa na sisi, Waluhya na Wakikuyu na Wajaluo na Wakipsigis, kwa sauti moja. Sijaona tena mahakama iliyokubaliana hivyo.

Bati la mwisho halikuwahi kuzunguka. Mlango ulipigwa teke, mablanketi yakatolewa madirishani, na mzungu aliyesimamia ukumbi akaingia mwekundu kama pilipili. Kumbe kule klabuni mabwana na mabibi, wamevaa mavazi ya jioni mchana kweupe, walikuwa wameonyeshwa choo cha shimo tangu kuchimbwa hadi kufunikwa. Alichukua mabati yote ya klabu akaondoka, na nasikia mpaka leo kuna bibi mmoja aliyelia.

Lakini watu hawakutoka. Karani je? Amenyongwa au amepona? Benchi zikaanza kugongwa sakafuni. Mfasiri akatazama shuka tupu, akatutazama sisi, akapanda tena juu ya kreti yake.

"Mkubwa wa polisi anashuka kwenye gari la farasi," akasema, akionyesha kwa ufito mahali ambapo hapakuwa na kitu, na mimi nikamwona yule mkubwa wa polisi akishuka. "Anavua kofia. Anamwambia karani: Bwana, wewe peke yako ndiye unayejua mwuaji atafanya nini kesho, maana kesho iko kichwani mwako. Njoo utusaidie. Basi karani anapandishwa garini, anapewa koti la sufi, anapewa mbwa, anapewa nyumba ya mawe chini ya mlima. Tangu siku hiyo ni askari wa siri. Ukimtafuta humwoni."

"Mlima gani?" tukauliza.

Alifikiri kidogo. "Longonot."

Tulicheka, tukarudi nyumbani tumeshiba. Hiyo ndiyo ilikuwa piksha bora niliyoitazama maishani mwangu, na nusu yake haikuwa na piksha.

Haukupita muda mrefu, kule Rongai, katika shamba moja la ngano, rundo la magunia liliporomoka ghalani, na nyapara alikuwa chini yake. Sisi wa kinuni hatukushangaa. Rundo likilowa chini au panya wakitoboa gunia la pembeni, huporomoka, na gunia moja la ngano ni uzito wa watu watatu na mbuzi wao. Lakini siku hizo hakuna aliyekufa kwa ajali. Mzungu wa shamba alisema ni kazi ya watu wa msituni, wale Wakikuyu waliokuwa wakipigana na serikali, polisi wakajaa mashambani kama nzige, na vibarua wa Kikuyu wakakalishwa kwenye jua, mtu aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho akipita mbele yao na kutikisa kichwa: huyu ndiyo, huyu hapana.

Pale lokesheni kulikuwa na kinyozi wetu, mtu mwema, aliyempenda mfasiri kuliko alivyopenda wembe wake. Kinyozi alikuwa anamnyoa askari wa upelelezi, akamsikia akilalamika kwamba kesi ya Rongai haina kichwa wala mkia. Kinyozi akaona mlango wa rafiki yake umefunguka. Si ndivyo ilivyokuwa kwenye piksha? Polisi wanashindwa, mwenye hadithi anaitwa, anapewa koti.

"Afande," akasema, wembe ukiwa shingoni mwa askari, "mnajisumbua bure. Hapa tunaye mtu aliyelijua jambo hili kabla halijatokea. Nyapara, Rongai, magunia, yote alituambia ukumbini. Mwulize yeyote."

Askari akauliza yeyote. Na yeyote akajibu kwa kiburi! Muuza maziwa alijibu, wachukuzi walijibu, akina mama bombani walijibu. Kila mmoja alitaka ajulikane kwamba alikuwepo, tena benchi la mbele. Tulikuwa tunamwombea kazi. Majirani zetu Wakikuyu peke yao ndio waliosema hawakusikia kitu, walikuwa wamelala, walikuwa wagonjwa. Sisi wengine tuliona ni wivu.

Gari la polisi lilikuja mchana, watu wakiwa wametoka kazini kwa chakula. Mfasiri alikuwa amerudi kutoka hotelini, aproni bado kiunoni. Nilikuwa mlangoni kwangu. Kinyozi alikuja mbio na taulo begani, akipiga kelele, "Wamekuja! Gari limekuja kumchukua!" Na watu wakajipanga pande zote mbili za njia, wakaanza kupiga makofi. Naapa kwa chakula nilichokula, tulipiga makofi kama tunampeleka bwana harusi.

Alitoka katikati ya askari wawili. Alitutazama, akayasikia yale makofi, na nadhani kwa dakika moja hivi yeye mwenyewe hakujua kama aogope au ainame kama afanyavyo mwisho wa piksha. Aliinua mkono kidogo.

"Utusalimie Longonot!" kinyozi akapaaza sauti.

Alicheka. Mimi nilimwona akicheka. Kisha macho yake yakaanza kutafuta kitu nyuma yetu, na kile kitu kikaja: mkewe, anakimbia na pasibuku ya mumewe, kile kitabu cha ruhusa cha kila Mkikuyu, na koti lake kuukuu, mtoto anarukaruka mgongoni. Alimpa askari pasibuku. Askari hakuisoma, alimshika yeye pia mkono akampandisha. Gari likaondoka.

"Mnaona?" kinyozi akasema. "Amechukuliwa pamoja na familia. Nyumba hiyo ni kubwa."

Nilirudi kinuni nikasimulia, na kuanzia hapo habari ikaota miguu. Dereva wa lori aliona taa chini ya Longonot ambapo hapajawahi kuwa na taa. Mtu wa Kiamunyi, wakati huo huko kulikuwa na mashamba ya wazungu tu, alimsikia bwana wake akinong'ona habari ya Mwafrika mmoja wa ajabu sana. Kinyozi alileta jipya kila wiki. Ndiye aliyeleta mbwa. Alikuwa akilisha habari ile kama mtu aliyekaa peke yake porini anavyolisha moto, na ikitokea mtu akanyamaza kidogo baada ya kusikia, kinyozi alimtazama usoni, akaongeza ukuni mwingine: mayai, chafya, tikiti ya treni.

Wakati huo huo lokesheni yetu ilikuwa ikimwagika kama gunia lililotobolewa. Malori yalikuja asubuhi, yakachukua Wakikuyu na magodoro yao, wanapelekwa kule serikali ilikosema ni kwao, hata wale ambao babu zao ndio waliofyeka Njoro. Milango ilibaki ikigongwa na upepo. Kuku waliachwa, wakawa wa kila mtu, kisha hawakuwepo. Chumba cha mfasiri kilipewa fundi viatu mmoja asiyependa mazungumzo. Nilipobisha ukutani, kama tulivyozoea na jirani yangu wa zamani, yeye alibisha mara moja tu kuniambia ninyamaze.

Ukumbini nako walituletea mfasiri mpya, kijana wa shule, Kiingereza chake kimenyooka kama reli. Alitafsiri kila neno kama lilivyosemwa. Piksha ya choo ikawa ya choo. Watu walilala, kisha wakaacha kuja, kisha wakaacha kuleta mablanketi, na piksha ikaonyeshwa katika mwanga, vivuli hafifu vikichimba shuka.

Mimi nikaingia shule ya jioni. Nilijiambia kwamba mkubwa wa siri akirudi atahitaji msaidizi anayejua Kiingereza kisicho cha jikoni. Nilisoma kwa bidii ambayo haijaonekana tena Afrika Mashariki. Nilikuwa natafuna sarufi huku nabeba magunia, na mwalimu alisema hajapata kuona mtu mwenye unga mwingi hivyo kwenye daftari. Nilipata cheti changu. Sikuwa na wa kumwonyesha, maana watu wa kwetu walikuwa mbali, na mtu niliyemtaka akione alikuwa chini ya mlima na mbwa wake.

Basi nilikwenda. Siku moja ya likizo nilipanda treni ya asubuhi nikashuka stesheni ya Longonot, nimebeba mkungu wa ndizi na cheti kimefungwa gazetini. Nilitarajia nini? Nilitarajia kila kitu. Ndani ya treni nilikuwa nimemkonyeza mama mmoja mzee mwenye kapu, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kupe wa Subukia anakusalimu," naye alihama kiti akaenda kukaa karibu na askari.

Stesheni ilikuwa na vumbi, jua, na mtu mmoja wa kupokea tikiti.

"Bwana," nikamwambia, "namtafuta mtu wa nyumba ya mawe."

"Nyumba ya mawe ipi?"

"Ya chini ya mlima. Yenye mbwa."

Alinitazama, akautazama mkungu. "Ndugu yangu, hapa kuna vumbi, kuna swara, na kuna mimi. Mbwa alikufa mwaka jana."

Jambo hili nililitafakari sana. Kama mbwa alikufa, basi mbwa alikuwepo! Nikamkonyeza yule mtu, kumwonyesha kwamba nimeelewa. Nilimwachia ndizi ili azifikishe. Alizipokea bila ubishi, na hilo nililihesabu kuwa ushahidi wa pili. Nilingoja treni ya kurudi nikiutazama mlima. Hapakuwa na nyumba. Nikasema moyoni, imefichwa vizuri sana. Lakini nakumbuka kwamba jua lilipozunguka, na kivuli cha mlima kikanifikia pale benchini, nilihisi baridi ambayo koti langu halikuweza kuizuia. Sikumwambia kinyozi habari ya baridi. Nilimwambia habari ya mbwa, kwamba amepatiwa mwingine, mkubwa zaidi.

Kinyozi akanishika mikono yote miwili. "Kwa hiyo yupo?" akaniuliza. "Umemkuta?"

"Yupo."

Akakaa kwenye kiti chake cha wateja, akajifunika uso kwa taulo. Tangu siku hiyo hakuleta habari mpya tena, na mwaka uliofuata alifunga kibanda akarudi kwao Kakamega, na huko nasikia alinyoa watu bila kusema neno.

Hali ya Hatari ilipokaribia kuondolewa, Wakikuyu walianza kurudi Nakuru, mmoja mmoja, wembamba, wakitazama nyumba zao zilizokaliwa na wengine. Jumamosi moja nilikuwa sokoni. Nyuma ya fungu la viazi nilimwona mwanamke ameketi juu ya gunia, na kando yake msichana mdogo akipanga viazi vikubwa juu, vidogo chini. Nilimtambua yeye kabla ya kuitambua sura yake, kwa jinsi alivyonyamaza katikati ya makelele yale.

"Shemeji!" nikapiga kelele, mpaka wauza vitunguu wakageuka. "Shemeji, mmerudi! Na huyu ndiye yule wa mgongoni? Amekuwa mkubwa hivi!"

"Shemeji," akasema. Akanipa mkono. Ulikuwa mgumu kama kuni.

Nikaangalia kushoto na kulia, nikainama, nikashusha sauti. "Na mkubwa je? Yuko kazini? Leo amekuja akiwa nani? Mwambie nina cheti. Mwambie nilifika mpaka Longonot nikamwachia ndizi."

Alinitazama. Nadhani alikuwa anapima kama ninamdhihaki. Aliona simdhihaki. Nilikuwa nimesimama pale na unga kwenye nyusi, ninatabasamu kama mjinga wa harusi.

Akamwambia binti yake aende akachote maji. Binti akaenda na debe. Kisha akasogea pembeni ya gunia akanipa nafasi.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Nani alikuambia Longonot?"

"Kila mtu. Kinyozi. Hata yeye mwenyewe, siku ya piksha. Nyumba ya mawe, koti, mbwa..."

"Mbwa," akarudia.

"Na mliondoka kwa gari. Sote tuliwaona. Tulipiga makofi."

"Niliyasikia." Aliokota kiazi, akakipangusa udongo kwa kidole gumba, akakirudisha mahali pake. "Yeye pia aliyasikia. Ndani ya gari aliniambia nisiogope, watu wote wale hawawezi kumshangilia mtu anayekwenda pabaya."

Mimi ambaye sijawahi kukosa neno, niliuliza swali la mtoto.

"Kwa hiyo sasa yuko wapi?"

"Shemeji," akasema, bila kupandisha sauti wala kuishusha, "alikufa siku ile ile, kabla ya jua kutua. Walimpiga nyuma ya ofisi, wakitaka awataje wenzake walioshirikiana naye kumwua yule nyapara. Hakuwa na wa kumtaja. Nilimfunika na lile koti."